Shangazi Angependelea Wapi

12 Januari

Shangazi wangu,

Shikamoo. Na shikamoo nyingine ya akiba, maana nakujua, barua hii utaisoma mara mbili.

Mimi mzima, isipokuwa miguu. Kazi ya kulea wazee ni kutembea kutwa ndani ya nyumba ileile mpaka ujione umesafiri. Chumba changu kiko juu ya duka la dobi, sakafu ina joto saa zote na blanketi langu linanuka sabuni hata nikilianika nje. Mwenzangu wa chumba, muuguzi, anakusalimu bila kukujua. Anasema mtu anayeandikiwa barua badala ya kupigiwa simu lazima ana mambo yake. Nimemwambia simu kwako ni ya kusema "upo? haya, kaa salama," kisha unakata kabla sijavuta pumzi.

Nimesikia habari za Baba Mkubwa, Mwenyekiti wetu. Ndiyo, bado namwita hivyo, na wewe usimwambie. Binti yake kaniandikia kwamba umeanguka bafuni ukaumia mguu, na kwamba Baba Mkubwa ameshakata shauri: mwezi wa sita anakuhamishia kwake, kile chumba cha nyuma kilichopakana na stoo, na nyumba yako itatafutiwa mpangaji. Yaani mguu wako nauhadithiwa na watu. Unaendeleaje? Na wewe mwenyewe unasemaje?

Sasa shida yangu. Kuna mzee hapa tunamwita Jaji, maana alikuwa jaji kweli. Nilimhudumia kama ulivyonifunza, kwamba mzee haulizwi, mzee anatazamwa. Chai nikamtilia sukari, mkate nikamkatia vipande vidogo, shali nikamfunika kabla hajahisi baridi. Akamwita Matroni, mkubwa wetu wa kazi, akamwambia: huyu binti ana roho nzuri sana, ila amenifunga bila kunisomea mashtaka. Matroni ananitaka niwe namuuliza kila mtu anapendelea nini, tena kwa Kiingereza cha adabu, na Kiingereza changu kikitoka kinatoka kama cha askari wa getini. "You want tea? You want bath?" Watu wanashtuka na vijiko vyao. Bado niko kwenye kipindi cha majaribio, na nikiendelea hivi sitathibitishwa.

Wewe umepiga chapa barua za mabosi maisha yako yote ya kazi. Nifundishe.

Mtoto wako,
Chiriku

9 Februari

Chiriku,

Marahaba. Ile ya akiba nimeitumia kumjibia mtoto wa jirani aliyepita mlangoni bila kusalimu.

Barua yako imefika imekunjwa kona zote, nadhani njiani wameisoma wakaichoka. Mimi mzima. Paka amezaa ndani ya kapu la nguo safi, la nguo chafu hakulitaka. Rafiki yangu Fundi, yule mshonaji aliyekushonea sare zote za shule zikakupwaya zote, amehama mtaani. Amepanga ghorofa ya pili karibu na soko, vyumba viwili na ukumbi mdogo, na anasema kelele za pale zinamfaa. Mtaa wetu umepoa bila cherehani yake.

Waliokuambia nimeanguka wamenionea. Nimeteleza. Kati ya kuteleza na kuanguka kulikuwa na ndoo, nikaikamata. Mwenyekiti alikuja na futi kamba akapima kitanda changu, akapima kabati, na nadhani alinipima na mimi nilipogeuka. Hicho chumba cha nyuma kinapakwa rangi. Rangi gani, sikuulizwa, nami sina neno. Tuje kwenye kazi yako.

Jaji ana haki yake na mimi niliyekulea nina haki yangu. Kwetu ukimuuliza mgeni kama atakula, umeshamwambia chakula hakitoshi. Unaleta, anakataa, unamsogezea, anakula. Huko uliko mtu akiletewa kitu bila kuulizwa anaona amenyang'anywa kingine. Usibishane nao, ndio waliokuajiri.

Chukua kalamu. Ukisikia ulimi unataka kuanza na "You want", ung'ate. Anza na "Would you prefer", yaani ungependelea. Would you prefer tea or coffee. Sauti ishuke mwishoni, isipande kama umemwona mwizi. Ukitaka kulainisha zaidi: "Would you rather have your bath now, or after breakfast?" Na kwa mtu wa hadhi kama huyo Jaji wako: "Which would suit you better?" Hiyo nimeipiga chapa mpaka vidole vinaijua bila mimi kuwepo. Nilikuwa na bosi mmoja mkali, siku akitaka kumfukuza mtu alinisomea niandike hivi: tungefurahi kujua ni tarehe ipi ingekufaa zaidi kuondoka. Mtu anatupwa nje, na huku anaulizwa anavyopenda. Wengine walijibu kwa kushukuru.

Maswali ya namna hiyo nimeyapiga kwa maelfu, na yote yalikwenda kwa watu wengine. Basi fanya mazoezi mbele ya kioo. Usimfanyie muuguzi wa watu akiwa amelala, maana nakujua.

Shangazi yako

20 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Watoto wa paka wamefumbua macho? Na sare hazikupwaya, ni mimi niliyekuwa mwembamba. Mwambie Fundi nimemsamehe.

Mvua huku inanyesha na dobi wa chini amepata wateja wengi, kwa hiyo sakafu yangu sasa ni kama jiko. Muuguzi ameanza kukanyaga kwa vidole.

Dawa yako niliinywa chupa nzima kwa siku moja. Nilimuuliza Jaji angependelea kuvaa ndara ya kushoto kwanza au ya kulia. Nikamuuliza angependelea pazia lifunguliwe nusu, au nusu na kidogo. Nikamuuliza kama ingemfaa zaidi nimsalimie sasa au akishamaliza uji. Akavua miwani, akaifuta, akaniambia angependelea niende nikamuulize mtu mwingine.

Matroni alicheka mpaka akakaa. Kisha akanionyesha wanavyofanya. Unashika vitu viwili, unamwonyesha mtu, unamuuliza mara moja tu, halafu unafunga mdomo mpaka ajibu. Mimi, wa kufunga mdomo. Unauona mtihani wangu. Sweta la bluu mkono huu, la kijivu mkono ule, Jaji anayakagua kama ushahidi, na mimi nauma shavu kwa ndani. Ndipo akasema: la kijivu, kwa sababu la bluu kanunuliwa na mkwe wake. Siku hiyo nikazijua habari zote za mkwe, na chakula chake cha mchana kikapoa.

Lakini kuna jingine. Kuna bibi anayekaa dirishani, tunamwita Malkia. Ukimuuliza chochote anajibu "I don't mind", na mimi nikaichukulia ni ile sina neno yetu, nikawa nampa chai ya maziwa kila asubuhi. Matroni akaja akasimama mbele yake na vikombe viwili, akanyamaza. Akanyamaza mpaka nikaona aibu kwa niaba yake. Malkia akanyoosha kidole kwenye kikombe cha chai kavu, isiyo na maziwa. Kumbe maziwa yanamvuruga tumbo tangu alipokuja. Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Akaniambia mtu wa kwanza kumuuliza alikuwa ameshamimina.

Shangazi, nilibaki nimesimama na birika, nikakukumbuka wewe na chumba chako cha nyuma na rangi yake. Uliniandikia huna neno. Kweli huna?

Mtoto wako,
Chiriku

28 Aprili

Chiriku,

Marahaba. Watoto wa paka wamefumbua macho na sasa wanapanda mapazia. Fundi anasema msamaha wako ameupokea na kwamba mabega yako ndiyo yenye makosa. Jumamosi huwa nakwenda kwake, nampigia soga naye anashona, kisha narudi kabla jua halijazama.

Jaji wako nimempenda. Mwambie hilo la mkwe asilipeleke mbali, sweta ni sweta.

Mwenyekiti ameleta maboksi. Ameyapanga sebuleni kwa ukubwa na kuandika juu yake kwa kalamu nene kitakachoingia. Moja limeandikwa vyombo, jingine nguo, na jingine mengineyo. Nadhani mimi niko kwenye mengineyo. Alikunywa chai, akanieleza kwamba chumba kimekauka rangi na dirisha limewekwa wavu wa mbu. Ana upendo kaka yangu, nisimseme vibaya. Tangu tukiwa wadogo alikuwa anatugawia pande za kitanda, na tulilala.

Kuhusu lile uliloniuliza mwishoni, ningetaka kukujibu vizuri, lakini karatasi imeniishia.

Shangazi yako

17 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Karatasi haikukuishia. Nyuma ilikuwa nyeupe tupu, na ndiyo hii ninayokuandikia, nakurudishia mali yako.

Nimethibitishwa kazini. Matroni aliniita ofisini nikaenda nikiwa nimeshaanza kulia, kumbe ni habari njema. Jaji alinisemea. Ameniambia nimeachiwa kwa dhamana, na nikimfunika tena shali bila kuulizwa ataifuta. Muuguzi alininunulia keki, akaila karibu yote.

Sasa sikia, na usikasirike. Jumapili nilimpigia Mwenyekiti. Nilimwambia shangazi haondoki nyumbani kwake. Nilimwambia hiyo ndiyo nyumba yake, ndimo alimonilea, na kama ni mguu, atafutiwe msichana wa kumsaidia kazi. Akaniambia mimi ni mtoto. Nikamwambia ndiyo Baba, ila shangazi ni mtu mzima. Akakata simu. Kwa hiyo nimenuniwa, lakini nyumba yako nimekupigania na sijutii.

Kilichobaki ni neno lako ili nimwonyeshe. Nauliza ulivyonifundisha, sauti ikishuka mwishoni. Would you prefer to stay in your own house, or would you rather go and live with him?

Nimeshika vyote viwili mkononi, kubaki kwako na kuhamia kwake. Nafunga mdomo.

Chiriku

12 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Bado nimefunga mdomo. Muuguzi anadhani naumwa.

Mwezi wa sita ndio huu.

Chiriku

30 Juni

Chiriku,

Marahaba. Fungua mdomo usije ukaota ukungu.

Mimi mzima. Jibu nilikuwa nalo siku ileile uliyoniuliza. Sikuliandika kwa sababu nilijua litakuuma, na mimi kukuuma kwa mbali sijazoea, nimezoea ukiwa karibu nikubembeleze palepale.

Kiingereza chako kimenyooka. Bosi wangu yeyote angetia sahihi bila kuongeza nukta. Ila mwanangu, vikombe viwili ulivyonishikia, kimoja kamimina Mwenyekiti na kingine umekimimina wewe. Kwanza ulimpigia simu, ukanijibia, ndipo ukakumbuka kuniuliza. Hata Malkia alitendewa vizuri zaidi.

Chumba cha nyuma sikitaki. Hilo ulilijua. Usilolijua ni kwamba hata nyumba hii siitaki. Nilikaa humu kwa sababu nilikuwa nakulea, na nilifurahi, usije ukaanza kujilaumu. Ulipoondoka nikaendelea kukaa kwa sababu hakuna aliyeniambia naweza kutoka, na mimi mwenyewe sikujiambia. Vyumba vinne na redio moja. Kila jioni nazunguka kufunga madirisha ya vyumba asimolala mtu. Nikikohoa, nyumba inanijibu. Upweke huo sikuusema kwa sababu ningeusema ungekata tiketi.

Na wewe unataka nibaki ili siku ukirudi ukute kila kitu ulivyokiacha na mimi nimekaa katikati yake. Nakuelewa, ningekuwa wewe ningetaka hivyohivyo. Lakini hiyo ni kazi ya makumbusho, na mimi nimeshastaafu.

Nahamia kwa Fundi. Nitachukua chumba cha pili. Ngazi zipo, ndiyo, na usianze, maana nimezipanda kila Jumamosi tangu Fundi ahamie na mguu wangu umezizoea. Chini kuna muuza magazeti anayegombana na kila anayepita, ukumbini unasikia kila neno. Fundi naye hanyamazi. Nikiwa pale naongea mpaka sauti inakauka, na narudi nyumbani nikiwa na njaa. Nimekwambia nilikuwa sili? Sikukwambia. Basi nilikuwa sili.

Mwenyekiti nilimwambia juzi, alipokuja kufunga maboksi. Nilimuuliza kwa kile Kiingereza cha ofisini kama angependelea kulisikia akiwa amekaa au amesimama. Akasema amesimama. Alikosea. Ilibidi akae kwenye boksi la mengineyo na likabonyea. Ameitisha kikao cha ukoo. Nimemjibu kwamba tarehe itakayonifaa zaidi ni yoyote baada ya mimi kuhama.

Mpangaji wake amepatikana, mwalimu na mkewe na watoto watatu. Nilifurahi kusikia watoto watatu. Madirisha yatapata kazi.

Sasa lia, ukimaliza niandikie.

Shangazi yako

24 Julai

Shangazi,

Shikamoo.

Nimelia. Nililia kwa dobi, kati ya mashine mbili, mahali ambapo hata ukipiga kelele hakuna anayesikia. Muuguzi alinikuta akaniuliza ningependelea chai au kuachwa peke yangu. Nikamwambia sijui. Akakaa.

Ni kweli nilitaka nyumba ibaki. Nikichoka huku, huwa narudi nyumbani kwa kichwa tu. Naingilia mlango wa jikoni, napita kwenye korido, naburuza mkono ukutani mpaka chumbani kwangu, nalala. Sasa nikifika mlangoni namkuta mwalimu na mkewe. Nimekasirika siku kadhaa, nikamkasirikia na Fundi, ambaye hajanikosea zaidi ya sare. Kisha nikasoma tena pale uliposema ulikuwa huli. Hasira ikaisha, nikaona aibu. Nimekaa na wazee kutwa nawauliza wanapenda sweta gani, na wewe ulikuwa huli.

Nilimpigia Mwenyekiti nikamwambia nilikosea. Akafurahi sana. Nikamwambia na yeye amekosea. Akakata simu. Lakini jana binti yake aliniambia amekubali kubeba kitanda chako mwenyewe, kwa sababu wachukuzi watakikwaruza, na kwamba amekwenda kuzipima ngazi za Fundi kwa futi kamba.

Nina swali moja, na hili sijampigia mtu simu kwanza. Mwezi wa kumi na mbili nimepewa likizo. Najua kwa Fundi ni padogo na wewe ndio kwanza unahamia, sitaki kuja kuwabana. Ungependelea nitafute chumba cha gesti hapo karibu na soko, au nifikie kwa Mwenyekiti, hata hicho chumba cha nyuma, halafu niwe nakuja kwako mchana? Utakavyoona wewe. Mimi sina neno.

Mtoto wako,
Chiriku

19 Agosti

Chiriku,

Marahaba. Nimeshahama, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Kitanda kilipanda ngazi bila mkwaruzo. Mwenyekiti alipomaliza kukifunga alikaa juu yake kukijaribu, akasinzia, na Fundi akamshonea kishikizo cha shati hukohuko usingizini.

Nimesoma swali lako. Limeulizwa vizuri, nimemsomea Fundi naye amelisifu.

Gesti ni ya wageni, na chumba cha nyuma mwachie mwenye rangi yake. Humu chumbani mwangu kitanda ni kimoja, na ni kipana. Utalala upande wa ukutani, na hilo sikuulizi.

Shangazi yako